Mchoraji Ambaye Hadidja Hakuwahi Kumwona

Hadidja binti Youssouf alijifunza kushona wakati vita vilipoufunga mji wa Kindu. Treni ilikuwa haiji tena, ndege zilishusha askari badala ya chumvi, na mtu aliyevuka mto kwenda Alunguli kutafuta sombe, majani ya muhogo, aliaga watoto wake mmoja mmoja. Watu waliokuwa wamejificha porini kwa miezi walirudi mjini wamejifunga magunia, wengine majani; wanawake walingoja giza ndipo waingie mitaani. Baba yake, Fundi Youssouf, alikata vyandarua na mapazia makuukuu akawashonea watu hao cha kujisitiri, bila kuuliza watalipa nini. Hadidja alikuwa na miaka kumi na saba. Alikaa ubavuni kwa baba yake akipinda ncha.

Mwaka wa 2002, asubuhi moja, watu wenye bunduki walifika barazani. Hawakumpiga mtu. Walisema huko porini wanahitaji fundi wa kushona magwanda, wakang'oa kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, wakamtwika mwenyewe. Fundi Youssouf akamgeukia binti yake akamwambia amalizie shati la mwalimu, maana mwenye shati angekuja kulichukua. Kisha akafuata njia pamoja nao.

Hakurudi. Wala hakutokea mtu wa kusema alimwona hapa au alimzika pale. Mama yake, Mwanahamisi, aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo, na kila aliyemuuliza habari za mumewe alijibiwa kwamba fundi yuko kazini. Hapakuwa na matanga wala dua ya maiti. Hadidja aliolewa, akazaa mabinti wawili, akaachwa na mume aliyekwenda kwenye machimbo ya Kampene na kujenga nyumba nyingine huko. Katika yote hayo hakuacha kushona, kwanza kwa mkono, kisha kwa cherehani aliyonunua.

Cherehani ndiyo iliyomfikisha kwenye fulana. Mwaka wa 2019 aliona kwamba vijana wa Kindu hawataki tena shati la kupimiwa; wanataka fulana yenye neno kifuani. Akakopa, akauza pete zake, akafungua kibanda karibu na soko. Ndani yake aliweka mashine ya kubana kwa joto, ile wanayoiita presi, na printa ndogo, na nyuma yake jenereta. Hakurundika nguo zilizokwisha kuchapwa kama wanavyofanya wauza mitumba. Alikuwa na fulana tupu, zilizokuja kwa ndege kutoka Goma, na michoro ndani ya simu. Mteja anachagua mchoro, anataja kipimo chake, anakaa kwenye benchi. Presi inashuka, moshi kidogo unapanda, fulana inatoka ingali moto. Ukitaka moja, unapata moja. Ukitaka sitini, unapata sitini. Watu wa Punia na wa Kampene walituma ujumbe kwa simu, na fulana zikaenda kwa pikipiki.

Shida ilikuwa moja: Hadidja hakujua kuchora. Mpe kitambaa, atakikata bila chaki na kitamkaa mtu sawasawa. Mpe kalamu achore kuku, hutajua kama ni kuku au ni birika.

Mtu wa kwanza aliyempa kazi hiyo alikuwa Godefroid, jirani yake, mwenye kibanda cha kompyuta ambako watu walichapiwa barua na vyeti. Mwanzoni Godefroid alifanya vizuri, na Hadidja akamsifu mbele za watu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ilipofika Machi nane, sikukuu ya wanawake, akina mama wa mtaa wa Mikelenge waliagiza fulana themanini zenye sura ya mama shujaa. Siku ya gwaride walipopita mbele ya soko, wauzaji walianza kucheka. Sura ile ilikuwa ya mwanamke wa kwenye kopo la mafuta ya nywele, na makopo yenyewe yalikuwa yamepangwa pale mezani, yule mama akitabasamu tabasamu lile lile. Rais wa kikundi alivua fulana yake juu ya blauzi, akaikunja, akaipeleka kibandani kwa Hadidja, akaiweka juu ya presi. Hadidja alitamani ardhi imfunike. Alipomuuliza Godefroid, Godefroid alisema kila kitu kilichomo kwenye mtandao ni cha wote.

Ndipo akaamua kutafuta wachoraji popote walipo, si lazima Kindu. Alimwomba binti yake mkubwa aandike tangazo, wakalisambaza katika makundi ya simu: anatafutwa mchoraji wa fulana, kazi kwa kipande, nusu ya malipo kabla na nusu mchoro ukikubaliwa, usiibe picha za watu. Wakajibu kumi na mmoja, kutoka Kisangani, Bukavu, Goma, hata Lubumbashi. Hadidja aliwapa wote jaribio moja: mnichoree mwanamke anayetwanga sombe.

Kumi walituma michoro siku ile ile au kesho yake. Ilikuwa ya kupendeza, yenye rangi za kung'aa, lakini Hadidja aliitazama na kuona kwamba mwanamke yule hajawahi kushika mchi. Mmoja alimchora ameshika mchi kama anayepiga makasia. Mwingine alimvisha viatu virefu. Wa kumi na moja hakutuma mchoro. Alituma swali. Alitaka kujua mwanamke huyo anatwanga akiwa amesimama ama amekaa, kama ana mtoto mgongoni, na kama sombe ndiyo kwanza inaanza kupondeka ama imekwisha kuwa laini, kwa sababu, alisema, mkono haushuki vilevile.

Hadidja alicheka peke yake. Akajibu: amesimama, mtoto yuko mgongoni, sombe bado ngumu. Baada ya siku tatu mchoro ukaja. Mwanamke alikuwa amepinda kiuno kidogo upande wa kushoto ili kichwa cha mtoto kisipigwe na kiwiko. Hadidja akawaonyesha mabinti zake, akawaonyesha na majirani. Huyo ndiye Blanchard wa Goma, na ndivyo alivyoajiriwa.

Walifanya kazi pamoja miaka mitatu na zaidi bila kuonana. Mtandao wa Kindu haukubeba mazungumzo ya picha, na Blanchard mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Mahali ambapo watu huweka sura zao kwenye simu, yeye aliweka mchoro wa buti la mpira. Hadidja alimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye kukohoa kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayebisha hodi. Alijua kwamba ana miaka ishirini na sita, kwamba wazazi wake walikuwa watu wa Lubutu na wamekwisha kufariki, na kwamba anaishi na dada yake mkubwa. Mengine hakuuliza.

Katika kazi hawakuoneana haya. Hadidja alirudisha mchoro mara nne, mara tano: ndizi hizi si za kwetu, ndizi za kwetu ni fupi, ngoma haishikwi hivyo. Blanchard alirekebisha bila kununa. Lakini naye alikuwa na mwiko wake. Kijana mmoja mwenye duka alipotaka fulana yenye bunduki na jina la mtaa wake, Blanchard alikataa, akasema hiyo watafute mtu mwingine. Hadidja alikasirika kwa siku mbili, kisha akamrudishia kijana yule malipo yake ya awali.

Basi ikaja Januari ya 2025. Habari za vita vya Goma zilifika Kindu kila saa, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika, na watu walikaa na redio masikioni. Jumapili ya mwisho ya mwezi ule, familia moja ya mtaa wa Kasuku ilikuja kibandani. Mtoto wao, Elie, dereva wa lori, alikuwa ameuawa na bomu huko Goma. Maiti haitakuja, hata hawajui imelazwa wapi. Walichokuwa nacho ni picha ndogo, iliyokunjwa ikapasuka shingoni, na walitaka fulana sitini zenye sura yake kwa ajili ya kilio, siku ya Alhamisi. Mama mzee aliyeishika ile picha hakutaka kuiachia. Ilibidi Hadidja aipige kwa simu ikiwa bado mkononi mwake.

Picha ilikuwa mbaya, presi ingeitoa kama doa. Ilihitaji mtu wa kuisafisha na kuichora upya, na katika watu wote aliowajua Hadidja, mwenye mkono huo alikuwa mmoja. Akamtumia Blanchard usiku ule.

Jibu lilikuja Jumanne, ujumbe mfupi: umeme hakuna siku ya nne, kompyuta imekufa, masasi, yaani risasi, inapita juu ya nyumba, wanalala chini ya meza. Hadidja alisoma akaketi. Aliandika pole, mwanangu, Mungu akufunike, usitoke nje. Akatuma. Kisha akafikiria yule mama na ile picha iliyopasuka, na vidole vyake vikaandika tena: Kilio ni Alhamisi. Kama utapata njia.

Baada ya muda Blanchard akajibu neno moja: Nitajaribu.

Jumatano, saa kumi za jioni, mchoro ukaingia kwenye simu. Elie alikuwa mzima, anatazama mbele, amefunga midomo kama mtu anayesikiliza. Chini yake Blanchard aliandika kwamba kola ya shati ilikuwa imepotea pale penye mpasuko, kwa hiyo ameiweka ya kubuni, familia watazame kama ni sawa. Familia walitazama. Mama akaweka kidole kwenye ile kola akasema hilo shati analijua, alilinunua yeye. Hadidja hakumbishia. Alichapa fulana sitini hadi jenereta ikaishiwa mafuta, na Alhamisi kilio kikafanyika, watu sitini wamevaa sura moja, na wengi walisema hawajawahi kuona kazi nzuri namna ile.

Alimwandikia Blanchard kumwambia. Ujumbe haukufika. Akaandika kesho yake, na keshokutwa. Akatuma nusu ya malipo iliyobaki; simu ikamrudishia kwamba mpokeaji hapatikani. Alijiambia ni mtandao. Watu wote wa Goma walikuwa hawapatikani siku hizo, ikaonekana ni jambo la kawaida. Kisha katikati ya Februari wengine wakaanza kupatikana. Jirani yake alimpata kaka yake, mwalimu mmoja akampata mkewe. Namba ya Blanchard ilibaki vilevile.

Na maisha hayakungoja. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, fulana tupu zikakatika. Hadidja akaanza kuziagiza Kisangani, zije kwa pikipiki kupitia Lubutu na Punia, katika barabara ambayo mvua ikinyesha huwezi kuitofautisha na mto. Zilifika chache, nyingine zimelowa matope. Wateja waliuliza michoro mipya, hakuwa nayo. Mwezi wa tatu alimchukua Bernadette, msichana wa Alunguli aliyekuwa akisoma chuoni na kuchora katika madaftari ya wenzake. Bernadette alikuja mwenyewe kibandani kuomba kazi. Hadidja alimpa jaribio lile lile la sombe, naye akalifanya vizuri, si kama yule, lakini vizuri. Siku alipomlipa mara ya kwanza Hadidja aliona aibu, kama mtu aliyegawa chakula cha msafiri kabla hajajua kama msafiri atarudi.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne simu ikalia, namba asiyoijua. Alikuwa mwanamke. Alijitaja kwa jina la Adolphine, akasema yuko Lubutu, amekuja sokoni kutafuta mtandao, anakaa kijiji cha Obokote kwa wajomba. Alitoka Goma kwa miguu na kwa pikipiki, siku kumi na tisa, na njiani walimnyang'anya simu na mzigo. Kilichobaki ni daftari la ndugu yake, Blanchard, alilokuwa amelifunga tumboni pamoja na nguo. Kwenye jalada la daftari kulikuwa na namba kadhaa, na moja imeandikwa: Mama Hadidja, Kindu, triko, yaani fulana.

Hadidja aliuliza Blanchard yuko wapi.

Adolphine akaeleza polepole. Ile Jumatano mchana milio ilipungua kidogo. Blanchard akachukua kompyuta akaiweka ndani ya mfuko wa unga ili isionekane. Alisema kuna nyumba mtaa wa pili wanawasha jenereta, atachaji, na karibu na hapo mtandao unashika, atarudi kabla ya giza. Dada yake alimkatalia. Alishika hata mfuko.

"Aliniambia, ya Adolphine, dada yangu, niachilie, niko naenda kutuma kazi ya muntu wa Kindu, wako na kilio," alisema. "Mama, njo weye ulikuwa unangojea ile kazi?"

Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya kibanda. Bernadette alikuwa ameinama mezani anachora. Hadidja angeweza kusema mtandao mbaya, hasikii. Angeweza kusema wateja wa Kindu ni wengi.

"Njo miye, ni mimi," alisema.

"Ilifika?"

"Ilifika. Ilikuwa muzuri sana."

"Basi alifika kule," Adolphine alisema. "Hatukujua kama alifika."

Hakumlaumu. Hadidja alingoja lawama, alikuwa tayari ameinamisha kichwa, na lawama haikuja. Alichotaka Adolphine kilikuwa kingine. Kulikuwa na watu Lubutu wanaoandikisha waliopotea, na wengine wanaokwenda na kurudi Goma ambao wangeweza kuulizia mahospitalini na kwingineko. Wote walisema jambo moja: lete picha. Yeye hakuwa nayo. Simu ilikwenda na picha zake, kadi ya mpiga kura Blanchard alikuwa nayo mfukoni, na nyumba waliyoiacha Goma ilikuwa imekwisha kuingiliwa. Kwa sababu Hadidja ni mtu wa mambo ya picha, na alifanya kazi na ndugu yake miaka mingi, bila shaka anayo moja.

Hadidja alikuwa na michoro mia mbili na kumi na minne ya Blanchard ndani ya simu. Alikuwa na wanawake, treni, ndizi, okapi, ngoma, majina ya timu, sura za marehemu tisa. Alikuwa na sauti yake inakohoa. Sura yake hakuwa nayo, na akalisema hilo.

Hapo ndipo lilipokuja lile wazo, na Hadidja baadaye alitamani lisingekuja. Alimwambia Adolphine: nieleze alivyo, niko na mchoraji hapa, tutamchora. Adolphine alikumbuka kwamba mjomba mmoja ana picha ya shule ya msingi, darasa zima limesimama, Blanchard wa miaka kumi na miwili yuko mstari wa nyuma, uso wake mdogo kama punje ya mchele. Wiki iliyofuata akaituma. Bernadette aliikuza mpaka ikageuka madoadoa. Basi wakaanza na maneno.

Adolphine alikuja Lubutu kila siku ya soko kwa ajili ya mtandao, na kila siku ya soko Bernadette alikuwa na mchoro tayari. Uso mrefu au wa mviringo? Mrefu kidogo. Nyusi? Zinakaribiana lakini hazigusani. Adolphine alitazama, akasema pua ni pana mno. Bernadette akaipunguza. Wiki nyingine: macho ni ya mtu mwingine, ya Blanchard yamelala hivi. Yakalazwa. Wiki nyingine: sikio la kushoto lina alama, alidondoka mutoni akiwa mutoto. Alama ikawekwa. Mchoro wa tatu, Adolphine aliposema sasa anakaribia kufanana, Hadidja alishindwa kuutazama. Alikuwa anauona uso wa kijana, wa kawaida kabisa, wa yeyote anayepita mbele ya kibanda, na hakujua ampende vipi.

Walifika mchoro wa sita. Bernadette hakulala vizuri kwa sababu ya kazi hiyo. Alikataa kulipwa, akasema mtu halipwi kwa kutafuta mtu. Mchoro ukatumwa asubuhi. Hadidja alikaa na simu mapajani, wateja wakaja wakaondoka. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaswali, akarudi. Alasiri Adolphine akapiga.

"Mama," alisema, "mwambie dada aache."

Hadidja aliuliza kama wamekosea tena pua.

"Sijui. Njo naona sijui tena. Nikifunga macho siku za kwanza nilikuwa namuona. Sasa nikifunga macho naona hii muliyonituma. Ya kwanza, ya pili, zote. Yeye simuoni."

Bernadette, aliyekuwa amesikia, aliweka kalamu chini, akatoka nje, akasimama jua kali likimpiga. Adolphine hakulia. Alisema aksanti, alisema mama asijisumbue tena, na kwamba atawapa wale wa Lubutu mchoro wa tatu, kwa kuwa wa tatu ndio aliouona kabla hajachanganyikiwa. Kisha salio likamwishia.

Siku chache baadaye Hadidja alimtumia ile nusu ya malipo iliyokuwa ya Blanchard, na pamoja nayo fedha ya ziada. Adolphine alipokea nusu ile, kwa sababu ilikuwa jasho la ndugu yake. Ya ziada aliirudisha yote. Hakuongeza ujumbe.

Majirani waliojua habari hizi walimpa Hadidja ushauri wao. Mmoja alisema kilichotokea kimeandikwa, hata asingeandika yale maneno ya mwisho kijana yule angetoka kwa jambo lingine, wangapi walitoka kutafuta maji tu. Shehe wa msikiti wa jirani alimwambia amwombee, hai au maiti, Mungu anajua mahali pa kuipeleka dua. Alifanya hivyo. Lakini ule ujumbe bado upo kwenye simu, na wakati mwingine, presi inapopata joto, anaufungua na kuusoma: Kama utapata njia. Anajua kwamba hakumwamuru. Anajua pia kwamba mtu mwenye adabu kama Blanchard, ukimwambia vile, umemwamuru. Anaweza kukaa na mambo hayo mawili asubuhi nzima na lisitoke la kumsaidia.

Mwezi wa nane mtu aliyekuwa akienda na kurudi alisema ameona kijana anayefanana na mchoro, katika soko moja nje ya Goma, anauza chaja za simu. Adolphine alipewa namba, akapiga. Kijana alikuwa wa Butembo, jina lake lingine, sikio lake halina alama. Alimpa pole, akamwambia naye anatafutwa na watu wa kwao, kama anaweza awaambie yupo.

Biashara haikufa. Fulana za Kisangani zinafika zinapofika, Bernadette anazidi kukomaa, na sasa Hadidja ana mchoraji mwingine huko Kisangani, mwanamume mtu mzima. Kabla ya kumpa jaribio alimtaka atume picha yake, uso mzima, na jina la mtu wa nyumbani kwake. Yule mtu alidhani ni tapeli, akakataa wiki nzima. Hadidja hakumweleza sababu. Alingoja mpaka akatuma.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, mnunuzi wa dhahabu kutoka Kampene, anataka fulana arobaini kwa ajili ya ndoa ya binti yake. Alipitisha kidole kwenye simu, akachagua mchoro wa Blanchard wa mabibi watatu wenye vikapu, akasema ni huu, ila huyu wa katikati afunguliwe kinywa kidogo, aonekane anacheka, maana ni harusi. Bernadette akaeleza kwamba mchoro wenyewe wa kazi, ule unaoweza kufunguliwa na kubadilishwa, ulibaki kwenye kompyuta ya aliyeuchora. Hapa kuna picha tu, kama ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Lakini angeweza kuuchora wote upya, siku mbili, akaweka kicheko.

"Hapana," Hadidja alisema. "Huu haubadilishwi."

Yule mzee hakuelewa, akauliza ni wa nani hata usiguswe, na Hadidja akasema ni wa fundi. Mzee akatikisa kichwa, akasema kuna vibanda vingine, akaenda cha Godefroid, ambaye siku hizi naye anachapa fulana. Bernadette alimtazama bosi wake, fulana arobaini hizo zinaondoka. Hadidja alizima presi kwa sababu mafuta ya jenereta ni ghali na hapakuwa na mteja mwingine, akakaa kwenye benchi la wateja, simu mkononi, wale mabibi watatu bado wako kwenye kioo, mpaka kioo kikajizima chenyewe.